Kuzuia maambukizi ya jicho baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Bakteria wanaoharibu jicho baada ya upasuaji mara nyingi hutoka kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo kama kope zimevimba au zina tongotongo, mwambie daktari kabla ya siku ya upasuaji. Ni heri kuahirisha.

Chumba cha upasuaji kina kinga zake. Jicho husafishwa kwa povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 5 na kuachwa nayo dakika 3 hivi. Mwishoni, madaktari wengi huingiza antibayotiki ndani ya jicho, kama sefuroksimu miligramu 1. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa waliokosa sindano hiyo walipata maambukizi karibu mara tano zaidi. Muulize daktari wako kama anaitumia.

Nyumbani kazi inabaki kwenye matone ya dawa unayomwekea mgonjwa, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka. Mgonjwa alale chali au ainue uso. Vuta kope la chini taratibu kwa kidole, kijifuko kifunguke, kisha dondosha tone moja humo. Ncha ya chupa isiguse kope, ngozi wala kidole: ikigusa, bakteria huingia kwenye dawa, na kila tone linalofuata linawapeleka kwenye jicho lenye kidonda. Afumbe jicho bila kulikaza, nawe bonyeza pembeni mwa pua dakika 1 au 2 dawa isikimbilie kooni. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5, la sivyo itaosha ya kwanza.

Fuata kadi ya dawa mliyopewa hospitalini. Ikisema mara 4 kwa siku, basi ni asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Usiache kwa sababu wekundu wa jicho umeisha, wala usimnunulie amoksilini ya kumeza duka la dawa: haifiki ndani ya jicho kwa kiwango cha kutosha. Chupa ni ya mtu mmoja. Nyingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa.

Wiki za mwanzo maji ya kuoga yasiingie jichoni. Alale na kifuniko cha plastiki. Vumbi la bodaboda na moshi wa kuni humfanya asugue jicho, kwa hiyo avae miwani na apumzike kupika. Mwarobaini, asali, maziwa ya mama: visikaribie jicho kabisa.

Kuhisi jicho linakwaruza kidogo ni kawaida. Lakini maumivu yanayozidi, kuona kunakopungua, wekundu unaoongezeka au usaha, hasa ndani ya wiki ya kwanza, ni dharura hata kama ni usiku wa Jumapili. Usingoje tarehe ya kliniki. Nenda alikofanyiwa upasuaji, au idara ya macho ya hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, ukiwa na kadi na chupa zote. Hapo matone pekee hayatoshi. Antibayotiki, kwa kawaida vankomaisini na seftazidimu, huchomwa ndani ya jicho lenyewe, na kila saa inayopotea hupunguza nafasi ya kuona tena.