Somo: Kumchagulia Mgeni wa Meli Siku Yake Moja Mombasa

Somo hili nimewaandikia wanachama wanaowapokea wageni wa meli za kitalii pale bandari ya Kilindini, wawe waongozaji, madereva wa teksi, au watu wenye jamaa anayeshuka asubuhi na kuondoka jioni ya siku ile ile. Meli hizi huja zaidi katika miezi ya kaskazi, na kila msimu nawaona wageni wakizungushwa kutoka Ngome ya Yesu hadi Bamburi, kisha wakarudishwa Changamwe kununua vinyago, wakafika melini wamechoka na hakuna walichokiona sawasawa. Mombasa ni kisiwa chenye njia chache za kutokea: Daraja la Nyali kaskazini, Makupa kuelekea bara, na feri ya Likoni kusini. Kwa hiyo jambo la kuchagua kwanza ni upande mmoja wa kwenda, na mahali hufuata baadaye.

Hatua ya kwanza: hesabu saa ukianzia mwisho.

Muulize mgeni ni saa ngapi abiria wote wanatakiwa wawe ndani, maana saa hiyo hutangulia ile ya kung'oa nanga. Muulize pia kama saa ya melini inalingana na saa ya Kenya, kwa kuwa baadhi ya meli hubaki na saa ya bandari waliyotoka. Tuseme meli inaondoka saa kumi na mbili jioni na abiria wanatakiwa saa kumi na moja. Basi wewe panga kulifikia lango la bandari saa kumi alasiri. Asubuhi nako, meli ikifunga gati saa mbili, ukaguzi na foleni ya kushuka huweza kumchelewesha mgeni hadi saa tatu. Siku iliyoonekana ndefu imebaki saa saba, na humo kuna chakula na njia. Kumbukeni kwamba safari iliyouzwa na meli yenyewe ikichelewa, kwa kawaida meli huisubiri, lakini mgeni aliyetoka na wewe hasubiriwi, na gharama ya kuifuata meli bandari inayofuata ni yake.

Hatua ya pili: chagua upande, usiuvuke mji mara mbili.

Mgeni anayependa historia na mji abaki kisiwani. Anayetaka wanyama na miti bila mwendo mrefu avuke Nyali aende Haller Park, Bamburi. Bustani hiyo ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu la matumbawe, hadi René Haller alipoanza kuotesha mivinje mwaka 1971. Majongoo wakayala majani makavu ya mivinje na kuyageuza udongo, na leo unalisha twiga chini ya vivuli vya msitu. Msimulie mgeni habari hiyo kabla hajaingia, maana asipoijua ataona bustani ya wanyama tu. Aliye na hamu ya magofu anaweza kusogea mbele hadi Jumba la Mtwana, Mtwapa, ilimradi msiongeze kitu kingine siku hiyo.

Hatua ya tatu: kama ni ufuo, tazama mwezi.

Hapa ndipo wengi wanapowaangusha wageni. Katika bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa takriban mita tatu hadi nne, na yanapwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa mgeni wa meli anapofika Nyali na taulo begani, akakuta bahari imerudi hadi kwenye mwamba, mbele yake majani ya baharini na vidimbwi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, kwa kuwa wakati huo huo wa asubuhi maji huwa yamejaa na yametulia. Anayefuata tarehe za mwezi wa Kiislamu anaweza kukisia bila kufungua chochote, ila ni vizuri kuthibitisha kwa jedwali la maji. Ikiwa ni bamvua, anzeni na Haller Park asubuhi, muingie baharini kuanzia saa nane, maji yakiwa yanajaa. Akitaka kutembea mwambani maji yamepwa, avae viatu na asikanyage matumbawe.

Hatua ya nne: siku ya mjini iwe ya miguu.

Kama uamuzi ungekuwa wangu, mgeni anayefika mara ya kwanza ningemweka mjini. Anzeni na Ngome ya Yesu mapema kabla ya jua kali. Wareno waliianza mwaka 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi wakaiteka 1698, na UNESCO ikaiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Usimharakishe kupita jumba la makumbusho: humo mna vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama chini ya ngome wakati wa kuzingirwa huko, na mna ukuta waliouchora Wareno wenyewe, wenye picha za majahazi yao. Mtu aliyetoka melini asubuhi husimama hapo muda mrefu.

Kisha ingieni Ndia Kuu, mtazame milango ya nakshi na roshani za mbao, mpite msikiti wa Mandhry kuelekea Bandari ya Kale, mnywe kahawa chungu kwa kashata. Mtaa wa Biashara ndio mahali pa leso. Muuzaji amfungulie doti yote na kumsomea jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hajachagua rangi, kisha ikatwe na kupindwa papo hapo. Markiti, soko la viungo, iwe ya mwisho, ili viungo visibebwe juani.

Hatua ya tano: usafiri na bei.

Patana bei ya siku nzima kabla ya kuondoka bandarini. Tuktuk yatosha kisiwani.

Maswali ya wanachama

Swali: Asalaam aleikum mwalimu. Mgeni wangu ameng'ang'ania mbuga ya Tsavo Mashariki. Nimkatalie?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Lango la Bachuma la kuingilia mbuga hiyo liko takriban kilomita mia moja kutoka Mombasa, kwenye barabara ile ile ya malori ya Nairobi, na ajali moja tu huweza kuifunga njia. Meli ikilala bandarini usiku mmoja, mpeleke. Ikiondoka siku ile ile, mshauri achukue safari ya meli yenyewe, au umpeleke hifadhi ya Shimba Hills, ambako ndiko Kenya inakohifadhi palahala, aina ya swala wakubwa.

Swali: Kwa Shimba Hills si lazima feri ya Likoni?

Jibu: Si lazima tena, kwa sababu kuna barabara ya Dongo Kundu. Itumieni hasa wakati wa kurudi, maana foleni ya Likoni jioni haitabiriki.

Swali: Mimi nampokea mama mtu mzima mwenye maumivu ya magoti. Ngome atapanda?

Jibu: Dada yangu, ngome ina miinuko na ngazi, lakini ua na jumba la makumbusho anaweza kuvifikia polepole akishikwa mkono. Kuta za juu mwache asizipande. Baadaye mpeleke bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, akae chini ya mibuyu ale muhogo wa kukaanga na madafu, azione meli zikiingia mlangoni mwa Kilindini.

Swali: Meli ikifika Ijumaa je?

Jibu: Maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa wakati wa swala, kwa hiyo malizeni ununuzi kabla ya saa sita, kisha mkae chakulani hadi saa nane. Mwambie mgeni mapema afunike mabega na magoti, na asipige picha za watu wanaoingia msikitini.

Swali: Wageni huniuliza kuhusu kombe na magamba ya kobe yanayouzwa ufuoni. Niwaambie nini?

Jibu: Wasinunue. Magamba ya kobe na pembe za ndovu ni marufuku, na mtu anaweza kukamatwa navyo hapa bandarini au bandari inayofuata. Kombe nazo waziache baharini. Akitaka kitu cha mkono wa mtu, mpeleke kwa mafundi Wakamba wa Changamwe, lakini iwe ndiyo safari ya upande huo, na muanze nako asubuhi.