Jinsi ya kuchota maji ya kunywa kwenye chemchemi ya kando ya barabara, na yafike kikombeni yangali safi

Chemchemi yetu iko hatua kama arubaini chini ya barabara ya Chavakali kwenda Kapsabet, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Bomba la chuma limetokeza kwenye ukuta wa saruji, maji yanatiririka usiku na mchana, na kila apitaye barabarani ana ruhusa ya kuteremka akachota: jirani wa boma la pili, mwendesha boda boda, mama anayepeleka mboga sokoni, watoto wa shule. Mimi ni katibu wa kamati inayoitunza. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, na maji nimeyachota hapo tangu nikiwa mtoto wa kubeba lita tano.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba maji ya bombani yakiwa safi, kazi imekwisha. Kisha siku moja afisa wa afya ya umma akaja na vichupa vitatu vyenye karatasi ya kupimia ndani. Cha kwanza alikikinga bombani. Cha pili alikijaza kutoka kwenye mtungi wangu wa manjano, niliokuwa nimeuteka dakika hiyo hiyo. Cha tatu akakichota kwenye chungu cha maji ya kunywa nyumbani kwangu. Tukavifungia kabatini. Kesho yake kichupa cha bomba kilikuwa angavu vile vile. Cha mtungi kilikuwa kimegeuka kijivu. Cha nyumbani kilikuwa cheusi tititi. Karatasi ile hugeuka nyeusi ikikutana na vijidudu ambavyo kwa kawaida huandamana na kinyesi. Maji yalikuwa yale yale, ya jicho moja la chemchemi, na wanangu walikuwa wakinywa ya kichupa cha tatu.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanywa Busia kwenye chemchemi karibu 200, ukachapishwa 2011. Kuzijengea chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi kwenye maji ya chemchemi kwa karibu theluthi mbili. Lakini nyumbani nafuu ilikuwa ndogo kuliko hapo, kwa sababu maji yalichafuka tena baada ya kuchotwa. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo. Ndiyo maana humu nitakaa sana kwenye mtungi na nyumbani kuliko kwenye chemchemi yenyewe.

Hatua ya 1: Iangalie chemchemi kabla ya kukinga

Chemchemi iliyojengewa vizuri huwezi kuliona jicho lake. Limefukiwa kwa mawe na kokoto, juu yake udongo wa mfinyanzi na karatasi ya nailoni, mbele ukuta, na maji hayana njia nyingine ya kutokea ila bomba. Ukikuta dimbwi wazi ambalo watu huchovya ndoo, jua kwamba kila ndoo iliyotua chini, kila mguu na kila ukwato umeacha uchafu wake humo. Maji ya namna hiyo usinywe bila kuyatibu, hata yawe maangavu vipi. Uangavu hauoneshi vijidudu.

Kisha panda juu ya chemchemi uangalie kuna nini. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye jicho, na afadhali kisiwe upande wa juu kabisa. Tazama zizi, shamba linalotiwa mbolea, na kwa chemchemi za kando ya barabara, tazama sana mfereji wa barabara. Maji ya lami hubeba mafuta ya magari na takataka zote za sokoni. Pawe na mtaro wa kukatiza juu ya jicho, unaoyapeleka maji ya mvua pembeni.

Kipimo kisicho na gharama ni mvua yenyewe. Rudi saa chache baada ya mvua kubwa. Chemchemi ya kutoka ardhini haibadiliki rangi wala haibadiliki ubaridi. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, kuna ufa mahali, maji ya juu yanaingia. Siku hiyo chota ya kufulia tu, na uijulishe kamati.

Neno kwa wasafiri. Kuna maeneo ambayo tatizo si uchafu. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, na ng'ambo ya mpaka huko Arusha karibu na Mlima Meru, maji ya ardhini yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Utaziona athari zake kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia huko. Kuchemsha hakuiondoi floridi, wala klorini haiiondoi. Kikombe kimoja ukiwa safarini hakitakudhuru, lakini ukihamia huko na watoto wadogo, uliza kama maji yamepimwa.

Hatua ya 2: Mtungi

Wengi wetu hununua mitungi ya manjano ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Hiyo ni sawa. Mtungi uliobeba dawa ya kuogesha ng'ombe, dawa ya magugu au mafuta ya mashine usiununue hata kwa bei ya bure, kwa sababu plastiki hunyonya na hakuna sabuni itakayoitoa sumu yote. Fungua kifuniko, nusa. Muuzaji akisema harufu itaisha, mrudishie mtungi wake.

Sasa utie macho ndani ya mtungi ulio nao. Uelekeze mdomo wake kwenye jua uchungulie. Ukiona ukijani, au ukipitisha kidole chini ya shingo ukahisi utelezi kama wa bamia, hapo ndipo vijidudu vinapokaa. Kila unapoujaza, maji mapya yanausuuza utelezi ule.

Kuuosha: tia konzi mbili za kokoto ndogo zilizooshwa, sabuni ya unga kijiko kimoja, na maji lita mbili hivi. Funga. Utikise kwa nguvu, kwanza umesimama, kisha umelazwa, kisha umepinduliwa kichwa chini. Sehemu ambayo karibu kila mtu huisahau ni mkono wa mtungi. Mkono huo una uwazi ndani, maji hupita humo, na kokoto kubwa haziingii. Kwa huo mimi hutumia mchanga: naulaza mtungi kwa upande wa mkono, nautikisa mpaka nisikie mchanga ukipita humo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo yalitoka makunjo meusi kama ngozi ya nyoka. Nilikuwa nimeutumia mtungi ule miaka minne.

Suuza mpaka mchanga uishe. Ujaze maji, tia vifuniko viwili vya WaterGuard, dawa ya maji ya klorini, uache nusu saa, umwage. Kifuniko chenyewe kisugue kwenye zile nyuzi zake kwa mswaki mkuukuu. Nyumbani kwangu tunafanya hivi kila Jumamosi.

Na mtungi wa maji ya kunywa uwe wa maji ya kunywa peke yake. Leo usiwe wa mafuta taa, kesho wa maziwa. Wangu nimeufunga kitambaa chekundu mkononi, na mtoto wa miaka minne anajua kwamba wenye kitambaa haukalii mtu wala hautiliwi kitu kingine.

Hatua ya 3: Bombani

Panga mtungi wako kwenye foleni. Kwetu wazee, wajawazito na mwenye mgonjwa nyumbani hupita mbele bila kuulizwa, na mpita njia mwenye chupa moja pia hupishwa.

Osha mikono kwa sabuni, upande wa chini ambako maji yanakwenda. Kuna nyanya mmoja hapa ambaye kila asubuhi huwasimamia watoto: "Mjukuu wangu, mikono kwanza, mtungi baadaye." Naye hamruhusu mkubwa kupita bila kuosha pia. Aliwahi kunirudisha mimi, katibu, nikasema asante nyanya, nikanawa.

Suuza mtungi kwa maji kidogo na umwage kwenye mfereji wa kutolea, si kwenye sakafu ya saruji ambako wengine wanasimama. Unapokinga, mdomo wa mtungi usiguse bomba. Usitie kidole ndani ya bomba, usinywe kwa kuliwekea mdomo, na usilichomeke jani la mgomba ili kuyaelekeza maji. Mkondo ukiwa umelegea, inua mtungi wako au uweke juu ya jiwe. Ukijaa, funga kifuniko hapo hapo kabla ya kuinama kuunyanyua.

Nguo, viazi na pikipiki vioshwe chini kabisa, mbali na bomba.

Hatua ya 4: Njiani

Lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa darasa la tatu apewe lita tano. Shingo yake bado inakua.

Shida kubwa ya njiani ni kizibo. Kifuniko kikipotea, watu huziba kwa gunzi, kwa jani, kwa kipande cha karatasi ya mkate kilichookotwa njiani. Gunzi limeshikwa na mikono mingapi, limelala wapi usiku? Maji yanalipiga kutoka ndani kila hatua, yanarudi chini na uchafu wake. Kifuniko kipya kinapatikana sokoni kwa shilingi chache. Nunua viwili, kimoja ukiweke akiba. Ndoo iliyo wazi iliyofunikwa kwa majani ili maji yasimwagike, hiyo ichotee ya kuoshea vyombo.

Hatua ya 5: Yatibu

Mimi natibu hata maji ya chemchemi yetu ambayo kichupa kilisema ni safi. Si kwamba siliamini bomba. Ni kwamba klorini ina kazi ambayo moto hauna: hubaki ndani ya maji ikiyalinda siku hiyo nzima, hata mtoto akitia kikombe kisicho safi. Maji yaliyochemshwa yakiguswa tena yanachafuka tena.

Kwa maji maangavu, WaterGuard ni kifuniko kimoja kwa lita 20, na kwa yenye ukungu ni viwili, baada ya kuyachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Ukitumia vidonge vya klorini vya Aquatabs, cha miligramu 67 ni cha lita 20. Hata hivyo soma chupa au pakiti yako, maana nguvu ya dawa hutofautiana. Kwa maji maangavu, itie dawa kwenye mtungi pale pale chemchemini kabla ya kukinga. Mwendo wa kwenda nyumbani utaichanganya wenyewe, na dakika 30 zinazohitajika zitakuwa zimeanza kuhesabika. Baadhi ya chemchemi za huku Magharibi ziliwekewa kisanduku cha klorini chenye valvu karibu na bomba. Ukikikuta kina dawa, kitumie, mzungusho mmoja kwa mtungi mmoja.

Wapo wasiopenda harufu. Yaache maji usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa, au yamimine mara mbili tatu kati ya vyombo viwili safi, harufu itapungua.

Ukikosa dawa, chemsha mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha kwetu. Wanaoishi juu ya mita 2,000 wangoje dakika tatu. Hakuna haja ya kuyaacha motoni nusu saa, kuni ni ghali. Na ukikosa kuni, jaza chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili, zilaze juu ya bati juani tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mawingu yakitanda, ziache siku mbili. Njia hii haifai kwa maji yenye ukungu.

Hatua ya 6: Nyumbani

Hapa ndipo kichupa changu kilipogeuka cheusi. Chungu changu kilikuwa na mdomo mpana, na kikombe cha kuchotea kilining'inia kwenye msumari karibu na jiko. Kila mtu alichota, vidole vikazama majini hadi kifundo cha pili. Chungu nilikipenda kwa sababu hupoza maji, kilikuwa cha mama yangu. Sasa nakitumia kwa mahindi.

Nilinunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki chini, nikaiweka juu ya kigoda ili kuku wasiifikie. Maji yanatoka kwa koki, mkono hauingii. Asiye na uwezo wa kununua koki aendelee kuyaweka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba na ayamimine. Miezi miwili baadaye nilimwomba afisa apime tena, na kichupa cha nyumbani kilibaki angavu.

Hatua ya 7: Daftari

Kila tarehe mosi naenda na mtungi wa lita 20 na simu, nahesabu sekunde mpaka ujae, naziandika daftarini. Gawanya 1,200 kwa sekunde hizo utapata lita kwa dakika. Kiangazi cha Januari ilituchukua sekunde 70, yaani lita 17 kwa dakika. Baada ya mvua ndefu ilishuka hadi 48, lita 25. Sekunde zikipanda mwaka hadi mwaka katika mwezi ule ule, kuna kitu kinayanywa maji. Kwetu ilikuwa mikaratusi iliyopandwa juu ya jicho. Tulizungumza na mwenye shamba vikao vitatu, akakubali kuing'oa na kupanda miti ya kienyeji.

Mtaro wa kukatiza maji hujaa matope kila msimu. Tunauzibua Jumamosi ya mwisho ya Februari, kabla mvua hazijaanza Machi, saa moja asubuhi. Unayechota hapa, hata kama ni chupa moja kwa mwezi ukipita na pikipiki, njoo na jembe.