Biashara ya picha za angani kwa ndege ndogo Dar: anza hivi

Usinunue ndege. Kodi kwa saa, pamoja na rubani wake.

1. Uza saa kabla hujaruka

Harusi na nyumba moja moja zimeshachukuliwa na droni, waachie. Ndege inashinda pale eneo ni kubwa au kazi zimetawanyika: viwanja vya Kigamboni, hoteli za ufukweni, ujenzi wa barabara, kisiwa cha Mbudya. Cessna 172 inapita kote huko ndani ya saa moja, na utalipia saa hiyo iwe una mteja mmoja au wanne. Basi tafuta wanne, wote watoe malipo ya awali. Mmoja peke yake hatakulipia hata mafuta.

2. Karatasi

Sajili jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kisha TIN na leseni ya biashara. Kampuni kubwa zitadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi.

Rubani ndiye wa kumwangalia sana. Mwenye leseni ya urubani binafsi haruhusiwi kulipwa kwa kuruka. Unahitaji mwenye leseni ya urubani wa biashara (CPL). Muulize mwenye ndege kama vibali vyake kutoka TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) vinaruhusu kazi ya picha, na kama bima inamgusa mpiga picha. Akianza kuzungukazunguka, aga. Maeneo ya jeshi na Ikulu ya Magogoni usiyaelekezee kamera bila kibali cha maandishi.

3. Dirisha

Chagua ndege yenye bawa juu: Cessna 172, 182 au 206. Bawa la chini litakuzibia mji. Dirisha lifunguke upande utakaokaa, maana kioo chake ni plastiki. Mikwaruzo na mng'ao vitaharibu picha. Kagua kabla ya kulipa, kwani si kila 172 ina dirisha la kulia linalofunguka. Likihitaji kufunguka zaidi, afanye fundi wa ndege, si wewe na bisibisi yako.

4. Siku ya kuruka

Masika sahau. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yetu. Ruka saa moja asubuhi. Kuanzia saa nne mawingu hujikusanya na joto la ardhini huitikisa ndege.

Kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde. Usiegemeze lenzi wala kiwiko kwenye mlango, mtikisiko wa injini utaingia kwenye picha. Vua kofia ya lenzi ya kuzuia jua (hood), vaa mkanda wa kamera, na usiitoe lenzi nje ya dirisha: upepo utaipokonya. Juu ya mji mnatakiwa kuwa angalau futi 1,000 juu ya jengo refu lililo karibu, kwa hiyo lenzi ya kuvuta ya milimita 70–200 itafaa kuliko lenzi pana.

Waongozaji wa uwanja wa Julius Nyerere wanaweza kuwazungusha pembeni mpaka ndege kubwa itue. Mita ya saa za ndege inasoma. Dakika hizo ziwemo kwenye bei.

5. Mkirudi

Piga kila eneo la ujenzi lililo njiani, hata lisilo na mteja. Jioni hiyo hiyo mtumie mkandarasi nakala ndogo yenye alama yako, na bei chini yake.