Kuunganisha Pacha wa Kidijitali na Tangi la Maji

Pacha wa kidijitali ni programu inayoiga kifaa halisi na kujirekebisha kwa vipimo vinavyotoka kwenye kifaa hicho. Kwa fundi wa Tanga anayeanza, tangi la maji la nyumba ya kupanga linafaa kuliko mtambo wa kiwandani, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka, ikigawanywa kwa eneo la kitako cha tangi, ndiyo kasi ya kupanda au kushuka kwa kina.

Funga chini ya mfuniko sensa ya mawimbi ya sauti isiyopitisha maji, inayopima umbali hadi kwenye uso wa maji kwa muda wa mwangwi kurudi, kwani hewa ya chumvi ya mtaa wa pwani kama Raskazone huzila haraka sensa zilizo wazi. Pini za ESP32, yaani kibodi kidogo cha kielektroniki kinachosoma sensa na kutuma vipimo, hufanya kazi kwa volti 3.3; ikiwa sensa inatoa volti 5, gawanya volti hizo kwa vikinzani viwili, cha ohm 1,000 na cha ohm 2,000.

Joto lisipuuzwe hata kidogo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, lakini katika nyuzijoto 32 hukaribia mita 351. Ukiiachia programu kasi ile ya kwanza, umbali wa mita 1.5 utasomeka pungufu kwa sentimita 3 hivi, na tangi lenye kipenyo cha mita 1.2 litaonekana kuwa na zaidi ya lita 30 ambazo hazimo. Kwa hiyo pima na joto la hewa ndani ya tangi.

Tuma vipimo kwa MQTT, njia nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe, kila sekunde 10, kila ujumbe ukibeba saa ya kupimwa, si saa ya kupokewa. Seva ya ujumbe iwe kwenye kompyuta ndogo humo humo nyumbani, ili intaneti ikikatika kazi iendelee.

Kipimo kipya kisifute makadirio ya programu, kwa sababu maji yanayoingia hutikisa uso. Sogeza makadirio kuelekea kipimo kwa sehemu moja ya kumi tu ya tofauti iliyopo kati yake. Tofauti hizo zihifadhiwe, maana kwangu ndizo zenye thamani kubwa kuliko yote: usiku, pampu ikiwa imezimwa na bomba zimefungwa, kipimo kikizidi kushuka chini ya makadirio, huenda maji yanavuja, hivyo kagua mabomba na matangi ya vyoo.

Pampu ikabidhiwe kwa pacha baada ya tofauti kutulia. Rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha pampu kwa amri ya programu, ijizime yenyewe ikikosa amri kwa dakika moja, na floti ya zamani (swichi inayoelea juu ya maji) isiondolewe, bali ifungwe mfululizo na rilei, ili tangi likijaa pampu izimike hata programu ikikosea.