Kabla ya kujaza grauti kwenye kaunta ya jiwe linalong'aa

Watu wa Mwanza tumekulia kati ya majabali. Ukilitazama Jiwe la Bismarck lilivyokaa pale ziwani, huwezi kudhani jiwe huharibika kirahisi. Jiwe la kaunta ni jambo jingine, hasa likiwa marumaru.

Marumaru ni laini kuliko graniti, na chembe ya mchanga huikwaruza. Grauti ni ule uji mzito wa kujaza mianya kati ya vipande vya jiwe; yenye mchanga ni ya mianya mipana, kuanzia milimita 3 hivi. Fundi akiisukuma kwa kibao cha mpira juu ya marumaru iliyong'arishwa, inaacha michirizi utakayoiona kila jua la asubuhi likiingia dirishani, na dawa yake ni kung'arisha upya. Basi zungumza na fundi mapema, kabla hajalaza kipande cha kwanza: atumie spesa nyembamba, vile vijiti vya kutenganisha vipande, ili mwanya usifike milimita 3, kisha ununue grauti isiyo na mchanga. Hiyo isiyo na mchanga nayo usiipeleke kwenye mwanya mpana, kwani husinyaa na kupasuka.

Fikiria pia unachopika. Mafuta ya sangara, manjano, maji ya dagaa: grauti ya saruji hunywa vyote isipopakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Ya epoksi, yaani ya gundi ngumu badala ya saruji, hainywi, na kwa jikoni mimi ningeongeza fedha niinunue. Soma pakiti lakini, maana epoksi nyingine zina mchanga ndani. Tena kwenye joto huganda haraka, hivyo ichanganywe kidogo kidogo na ifutwe papo hapo. Ikishakauka juu ya jiwe, kuitoa ni mateso.

Jiwe lenyewe pia hunywa. Dondosha maji, subiri dakika 10. Pakiwa peusi, lipake dawa ya kuziba kwanza, la sivyo rangi ya grauti itaingia kwenye kingo. Grauti nyeusi kando ya marumaru nyeupe inanitia hofu kabisa. Ijaribu kwenye kipande kilichobaki, uiache ikauke, ndipo uamue.

Pale kaunta inapokutana na ukuta, na kuzunguka sinki, usiweke grauti. Hapo hucheza, itapasuka. Weka silikoni, gundi ya kuziba inayonyumbuka, ila isiwe ile yenye harufu ya siki: asidi yake hula marumaru, kama ndimu inavyoila.