Mkonga, eya klina na filta: pa kuweka hela kama una Land Cruiser ya zamani

Wadau wa Land Cruiser za zamani, hasa nyie wa injini ya 1HZ, tuongee kuhusu hewa. Kila mara mtu anauliza anunue mkonga (snorkel, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda nje ya gari hadi usawa wa paa) upi au aweke ile filta ya koni inayokaa wazi ndani ya boneti, na anajibiwa "weka hiyo, inaongeza nguvu". Kwa 1HZ isiyo na turbo hiyo habari ya nguvu isahau kabisa. Ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, nguvu yake inategemea pampu inasukuma mafuta kiasi gani, na hewa ya mfumo wa kiwandani inaitosha ilimradi filta haijaziba. Ukiweka koni utapata mlio, basi, halafu inavuta hewa ya moto ya injini na vumbi linalorushwa na matairi ya mbele.

Kinachofaa kulipiwa ni kuzuia vumbi na maji. Injini hii ikizunguka 3,000 kwa dakika inavuta zaidi ya lita 5,000 za hewa ndani ya dakika hiyo hiyo moja, sasa jiweke nyuma ya lori kiangazi njia ya Ngorongoro kuingia Serengeti, au ule unga wa volkano wa kuelekea Natron. Vumbi likipenya linakwangua silinda na ringi, gari inaanza kula oili, moshi wa bluu, asubuhi inawaka kwa kubembelezwa, na kufungua injini ni hela nyingi kuliko mkonga wowote sokoni.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote kagua ulichonacho. Toa filta, chukua kitambaa cheupe ufute ndani ya bomba linalotoka eya klina (lile kopo linalobeba filta ya hewa) kwenda kwenye injini. Kikitoka na chengachenga za vumbi ujue kuna sehemu hewa inapita bila kuchujwa. Mara nyingi ni hozi imepasuka upande wa chini kwenye mikunjo, huoni mpaka uikunje kwa mkono, au klipu imelegea, au mfuniko wa eya klina umepinda haukai sawa. Ukisharekebisha pakaa grisi nyembamba ndani ya bomba hilo, tembea kwenye vumbi siku kadhaa kisha uguse kwa kidole, ikikwaruza bado panavuja. Na kile kimpira cha chini ya eya klina kinachotema vumbi msikubali fundi aking'oe aache tundu wazi, kikikauka nunua kingine, ni bei ndogo sana.

Filta chukua ya karatasi, ya Toyota yenyewe au ya kampuni unayoiamini. Ishike mkononi: mpira wa pembeni uwe laini unabonyea, mikunjo ilingane, gundi isiwe na mapengo. Ukiipuliza kwa kompresa puliza kutoka ndani kwenda nje, presha ndogo, halafu weka tochi ndani, ukiona mwanga unapita kama tundu la sindano itupe. Zile za pamba za kupaka oili zinafuliwa na watu wanazipenda kwa hilo, ila mimi kwa vumbi laini la huku sizishauri, zinapitisha vumbi zaidi, na kwa wenye injini ya 1FZ-FE ya petroli oili ikizidi inachafua sensa ya hewa.

Sasa mkonga. Faida yake kubwa ya kila siku ni kuvuta hewa juu usawa wa paa ambako vumbi ni jepesi, kuzuia maji ni faida ya pili. Kwanza, kama ni 70 Series, jua gari yako ni ya pua nyembamba ya kabla ya 2007 au ile pana iliyokuja baadaye, fenda zao hazifanani na muuzaji atakwambia "unaingia tu huo". Plastiki iwe nene na ngumu kukatika, za bei ya chini sana zinapauka na kupasuka kwa jua. Kama bajeti ni ndogo kweli, mkonga wa bomba la stenlesi unaochomelewa gereji unafaa tena unadumu, ila upana wa bomba usipungue mdomo wa eya klina na kona ziwe chache, vinginevyo injini itahema kwa shida na moshi mweusi utauona. Wa vumbi sana wekeni kile kichwa cha kuzungusha hewa chenye kikombe, mnamwaga vumbi kila jioni.

Kufunga ndio watu wanaharibu. Fundi akishakata fenda alainishe kingo na kupiga rangi papo hapo, bila hivyo kutu itaanzia hapo. Kila kiungo kipigwe silikoni na klipu, hata ule mkonga wa kiwandani, maana mara nyingi viungo vyake havijazibwa kwa ajili ya maji. Silikoni ikikauka washa injini, iache iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wa juu kwa ubao bapa, sio kiganja wala tambara. Injini inatakiwa ikabwe na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuunguruma inapata hewa kwingine, na pale inapopata hewa ndipo itakapokunywa maji, na maji hayabanwi kwenye silinda, konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) zinapinda.

Ukishapata mkonga usiovuja bado usikimbilie mtoni, pandisha kwanza pumuzi (breather, vitundu vya kupumulia) za difu na gea boksi kwa mpira mrefu hadi juu ndani ya boneti, difu ya moto ikitumbukia maji baridi inayafyonza.