Jinsi ya Kuwafunza Wakalimani wa Viziwi na wa Viziwi Wasioona Mjini Lamu

Anayetaka kuanzisha mafunzo ya wakalimani mjini Lamu asianze kwa kutafuta ukumbi; aanze kwa kutafuta walimu viziwi. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, wala si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, na anayeimudu hasa ni yule anayeishi nayo. Anayesikia anaweza kufundisha mbinu za ukalimani, lakini lugha ifundishwe na kiziwi. Wapokee kwanza wale ambao tayari ni fasaha wa ishara, wakiwemo waliolelewa na wazazi viziwi, kwa sababu kozi ya wiki chache hutoa mtu wa kusalimiana na viziwi, haitoi mkalimani wa kusimama mbele ya hakimu.

Mapema kabisa, waeleze wanafunzi msingi wa kazi yao kisheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia ishara, Breli (maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole) au njia nyingine inayomfaa. Na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Anayeyajua haya haingii kazini kama mfadhili anayetoa hisani.

Mazoezi ya ukalimani yajengwe juu ya nafsi ya kwanza. Kiziwi akimweleza daktari kwamba kifua kinambana, mkalimani aseme "kifua kinanibana", asiseme "anasema kifua kinambana". Usiri nao ufanyiwe mazoezi, usihubiriwe tu, maana Lamu ni mji mdogo ambao habari za mtu hufika barazani kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Mwanafunzi azoee kumjibu jamaa wa mgonjwa anayemnong'oneza, "Daktari kasemaje?", kwa kumwambia, "Muulize mwenyewe, nami nitawafasiria."

Vazi na mwanga ni sehemu ya somo. Mikono ionekane dhidi ya nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi. Kwa hiyo buibui jeusi juu ya ngozi nyeusi humchosha mtazamaji, na mtandio mpana wa rangi nyepesi kifuani husaidia. Piko, rangi nyeusi ya urembo, iliyochorwa mpaka ncha za vidole huvuruga umbo la ishara kwa mwenye uoni hafifu. Uso nao hubeba sarufi, kwani nyusi ndizo zinazotofautisha swali na taarifa. Mkalimani anayevaa nikabu apangiwe vikao vya wanawake peke yao, ambako anaweza kuufunua. Na kwa kuwa nyumba za zamani zina vyumba vyenye giza, kaeni kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) au kwenye daka (ukumbi wa mlangoni), mkalimani asiupe mwanga mgongo.

Kwa viziwi wasioona, tenga muda mrefu zaidi, na usidhani wote ni wa aina moja. Aliyezaliwa kiziwi kisha akapoteza uoni polepole, kama inavyotokea kwa wenye ugonjwa wa Usher, kwa kawaida ataendelea na ishara: kwanza zikifanywa katika nafasi ndogo anayoweza kuiona, kisha kwa kuweka mikono yake juu ya mikono ya mkalimani. Aliyezaliwa kipofu akaja kupoteza usikivu huenda hajui ishara hata moja, akataka Breli au herufi kubwa zinazoandikwa kiganjani. Swali la kwanza la mkalimani ni kumuuliza mhusika njia anayoitaka.

Katika ishara za kugusa, kile kilichokuwa usoni sharti kihamie mikononi, na mkalimani aeleze pia nani ameingia, nani anacheka, nani ameondoka kwa hasira. Mwenzake anaweza kutoa taarifa hizo kwa alama za mguso mgongoni, ambazo zimekubaliwa mapema na mhusika. Kucha ziwe fupi, pete zivuliwe, na wakalimani wapokezane kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu mabega huchoka na makosa huanza. Funza wanawake wa kutosha kwa ajili ya wanawake na wanaume kwa ajili ya wanaume, kwani hapa mikono hugusana kutwa. Viziwi wenyewe hufanya kazi hii vizuri mno, na ni kosa kuwaacha nje.

Darasa la kuongoza njia lifanyike mtaani. Mwanafunzi afungwe macho kwa leso, azibwe masikio, aongozwe na mwenzake kutoka uwanja wa Mkunguni kupitia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, akishika mkono wa mwenzake juu kidogo ya kiwiko. Mwenye punda akipiga kelele "Simile!", kiongozi arudishe mkono wake nyuma ya mgongo ili anayeongozwa amfuate kwa nyuma, kisha amsogeze ukutani na kumweleza kilichopita. Gatini, asimvute wala kumbeba. Auweke mkono wa anayeongozwa kwenye ukingo wa mashua, ili aupime mwenyewe kabla ya kuvuka.

Mtihani wa mwisho usimamiwe na kiziwi asiyeona pamoja na walimu. Baada ya kikao cha majaribio, aulizwe yaliyosemwa, waliokuwapo na walikokaa. Kiziwi huyo asipoweza kueleza walikokaa, mwanafunzi arudie zoezi hilo.